Kapu Lisilopungua

Mwanamke aliyevimba miguu akija kwangu, kwanza namkalisha mkekani aegemee ukuta. Simuulizi kitu mpaka pumzi yake irudi. Halafu namfunga kamba ya mgomba mkononi, hapo kati ya bega na kiwiko, naangalia fundo limefika wapi. Wengi hushangaa. Wamekuja kwa ajili ya miguu, mimi nahangaika na mkono. Nawaambia watulie, yote yana maelezo, na maelezo yangu siyatoi nusu. Lakini siku hizi wanaokuja ni wengi kuliko sauti niliyo nayo, ndiyo maana nimeandika. Atakayesoma amsomee na jirani.

Kazi yangu ni mayai. Nilikuwa nazunguka nyumba kwa nyumba, Bweranyange mpaka Kiruruma, nikikusanya mawili hapa, matatu pale, nayapanga kwenye kapu lenye nyasi kavu, nayapeleka misheni na kwa Mhindi mwenye duka, yanayobaki nauza sokoni. Kila yai nililitia kwenye maji kwanza. Linalolala chini ni zima. Linalosimama ni la kuulizwa maswali. Linaloelea anarudishiwa mwenyewe, na salamu zake. Nilihesabu nikipokea, nikahesabu tena nikifika, kwa sababu binadamu wa kwanza kuniibia ni macho yangu mwenyewe.

Na katika mayai yote hayo sikuwa nimeonja hata moja. Kwetu wakati ule mwanamke hakuli yai, wala kuku, wala mbuzi. Kanisani hatukukatazwa. Tulikatazwa jikoni, na jikoni kuna nguvu kuliko kanisani. Mama yangu aliniambia mwanamke akila yai anakula mtoto ambaye bado hajazaliwa. Nilikuwa mdogo, nikaona hesabu imekamilika, sikuuliza zaidi.

Ugonjwa ulinianza kiangazi, baada ya kujifungua mtoto wangu wa tatu. Kutoka sokoni mpaka kwetu kuna mlima mmoja. Siku zote niliupanda bila kusimama. Mwezi ule nikasimama mara moja, nikasema ni mtoto mgongoni. Nikamwacha mtoto nyumbani. Nikasimama mara mbili. Msimu wa senene ulipofika nilikuwa nasimama mara saba. Nilidhani nimekosea, kesho yake nikahesabu upya. Zikawa nane.

Na huku pumzi zikipungua, mwili ukawa unaongezeka. Miguu ilijaa, mapaja yakajaa, tumbo likatangulia mbele kama vile nina mimba nyingine. Sasa hapo ndipo tulipokosea wote, na ni kosa la watu wa kwetu. Kwetu mwanamke akinenepa ni sifa ya nyumba aliyoolewa. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa hajawahi kunisifia kitu, alianza kunionyesha kwa wageni huku akiwapitishia kikapu cha kahawa ya kutafuna.

"Maawe, mwangalieni huyu!" alisema. "Alikuja hapa kama ufito. Mama Yustina, hebu simama wakuone miguu."

Nikasimama, nimeshika ukuta.

"Unamlisha nini?" akauliza shangazi wa mume wangu.

"Ndizi tu. Na mkono wangu."

Wakacheka wakamsifia mkono. Nami nilicheka kidogo, pumzi ya kucheka vizuri haikuwepo.

Sokoni ilikuwa hasara. "Shikamoo, mama," mteja ananiamkia vizuri, halafu ananitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mnene hivyo, bado unang'ang'ania bei?"

"Unene siuzi, nauza mayai."

"Basi punguza vyote viwili."

Kumbe mimi niliyekuwa nanenepa nilikuwa sili. Tumbo lilijaa maji, matonge mawili tu ya ndizi yakafunga mlango. Nani angejua? Mtu anayekonda huulizwa kama amekula. Anayejaa haulizwi. Hata mimi sikujiuliza. Nilibonyeza kidole kwenye muundi wa mguu, shimo likabaki, ungeweza kupanda harage humo. Nikasema labda ndivyo wanene walivyo. Nilikuwa silali kitandani tena, nalala nimekaa, mgongo ukutani, maana nikilala chali nazama. Mume wangu Petro aliona, akasema twende hospitali ya misheni. Nikamwambia tungoje mayai ya Mhindi yatimie. Sijivunii hilo.

Masika yalipoanza nikaanguka sokoni, juu ya kapu langu. Nilipozinduka nikamwona Petro ameinama.

"Yamevunjika mangapi?" nikamuuliza.

"Yote."

"Hesabu vizuri."

Akahesabu, machozi yanamtoka. Yalibaki mawili mazima.

Wanaume wa kitongoji walinibeba kwa machela, kila nyumba ilitoa mtu, wakipokezana begani kwenye utelezi. Njiani mmoja akaguna, "Petro, mkeo mzito! Kweli unamtunza." Hata nikielekea kufa nilisifiwa.

Barazani pa hospitali kulikuwa na benchi moja refu na nguzo kumi na mbili. Nilizihesabu mpaka nikazifahamu kwa sura. Huko ndiko nilikojifunza kungoja, kazi ambayo sikuwahi kuipenda: mama anakohoa, mtoto analia, mlango unafunguliwa, unajua ni zamu yako, kumbe wanatoa ndoo. Daktari alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye Kiswahili cha vitabu. Kikimwishia, muuguzi Salome alimalizia kwa Kinyambo, lugha yetu. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akasema moyo wangu umechoka na uzazi, umetanuka, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yanabaki mwilini. Akasema nitalala hapo miezi mitatu.

Nikasema wiki mbili.

Akasema miezi mitatu.

Nikasema basi mwezi mmoja, na kazi ndogondogo nitawasaidia.

"Miezi mitatu," akasema, wala hakukasirika. Nikajua huyu hajawahi kwenda sokoni. Mtu anayerudia bei ileile mara tatu kwa sauti ileile huwezi kumfanya kitu.

Chumvi wakaninyima. Ndizi bila chumvi ni kama ibada bila wimbo, unaimaliza kwa heshima tu. Nilipewa vidonge vidogo vyeupe vya moyo kila asubuhi, na sindano ya kutoa maji mara mbili kwa wiki. Baada ya sindano ya kwanza Salome alibadilisha chombo cha mkojo mara sita. Nilimwambia ni sita, akasema hana haja ya kujua. Ya saba akaihesabu mwenyewe, kwa hasira.

Baada ya kila sindano walinipandisha kwenye mizani, na kila nikipanda nilikuta nimeshuka. Tangu nizaliwe sijawahi kuona watu wakifurahia mizani ikishuka. Daktari anatabasamu, Salome anapiga makofi, mimi roho inauma kama ninayeibiwa mchana. Lakini pumzi zilirudi. Baada ya sindano ya nne nililala chali, paa la bati linavuma kwa mvua, nikaamka asubuhi nikiwa sijazama. Sijawahi kupewa zawadi iliyozidi ile.

Baada ya sindano ya saba, maji yalikwisha. Jumamosi mama mkwe akaja kuniona, ametembea tangu alfajiri na ndizi kichwani. Nilimwona akiingia wodini. Akatazama kitanda cha kwanza, cha pili. Akafika kwangu, akanitazama usoni, akanipita.

Akaenda mpaka mwisho, akarudi mpaka katikati, akasimama na mzigo wake.

"Mama Yustina yuko wapi?" akauliza kwa sauti. "Amekufa, mkakosa hata wa kumtuma kwangu?"

"Mama, niko hapa."

Akageuka. "Sauti ni yake," akamwambia Salome, kama vile mimi sipo. "Lakini huyu ni nani?"

Nilikuwa mifupa. Mikono kama mipini ya jembe, mashavu yameingia ndani. Maji yalipokuwepo yaliificha njaa, yalipoondoka ikabaki peke yake. Mama mkwe akatua ndizi zake, akakaa chini sakafuni mpaka muda wa wageni ukaisha.

Daktari alikuwa na daftari kubwa. Humo aliandika kila mwanamke aliyekuja na uvimbe wa moyo: uzito wa kuingia, uzito baada ya maji kutoka, na unene wa mkono, ambao aliupima kwa utepe wa kushonea nguo. Mwisho wa kila mstari kulikuwa na alama. Nilimuuliza alama ni za nini. Akaniambia: hii amekwenda nyumbani, hii amekwenda kaburini.

Nikamwomba nihesabu. Alinitazama, kisha akanigeuzia daftari. Hesabu yake siandiki hapa, ni yake, na mwenyewe alisema bado anatafuta, hajawa na hakika. Lakini nilizihesabu zile alama, nikazihesabu tena, na niliona nilichoona: waliokwenda kaburini wengi walikuwa wenye mikono myembamba. Si wote waliokuwa na moyo mbaya zaidi.

"Moyo naweza kuutuliza," Salome alinifasiria maneno ya daktari. "Ukishatulia unataka chakula cha kujijengea. Ndizi peke yake haitoshi. Kula maharage, maziwa, na yai, kila siku. Wengi tunawatoa kwenye maji, halafu njaa inawachukua mikononi mwetu."

"Na mkono wangu?"

Daktari akanionyesha ulipo kwenye utepe. Sikupenda majirani zake, daftarini wengi wa vipimo vile walikwenda kaburini.

Kitanda cha pembeni yangu alikuwepo Mama Domina wa Kibingo, mcheshi, mwenye ugonjwa uleule. Moyo wake, daktari alisema, ulikuwa umetulia kuliko wangu. Lakini mkono wake ulikuwa mwembamba kuliko wangu, na yai alilisukuma pembeni kila asubuhi. "Nirudi Kibingo niwaambie nini?" alisema akicheka. "Bora niwe mwembamba mwenye adabu." Maharage yalimshinda, maziwa alikunywa kidogo. Mvua zilipokuwa zinapungua akafa, mchana, kimyakimya, hata kahawa yake ya kutafuna ilikuwa bado mkononi. Daktari aliandika alama yake. Mimi niligeukia ukuta, nikajipima mkono kwa vidole, nikajipima tena.

Jumamosi iliyofuata nilimngoja mama mkwe kama ninavyomngoja mteja mgumu.

"Mama, daktari anasema nile yai."

"Daktari ana mke?"

"Sijamwona."

"Basi hajui."

"Nusu yai."

"Yai lina nusu? Wewe muuza mayai, niambie."

"Siku kumi tu, Mama. Halafu naacha."

"Mama Yustina, usinifanyie soko mimi." Alikuwa ananimenyea ndizi, kisu hakikusimama. "Hospitali ni yao. Watakachokupa humu mimi sikioni. Lakini nyumbani kwangu, mke wa mwanangu kukaa anakula yai mbele ya watu? Hapana."

Nilitaka kuendelea, nikaona jicho lake limelowa, nikaacha. Bei ya siku hiyo ilikuwa hapo.

Kesho yake nilikula yai la kwanza maishani. Salome alilichemsha, akalimenya, akakaa kitandani kwangu kunilinda nisilifiche chini ya mto. Nilifumba macho, nikamfikiria Mama Domina, nikauma. Watu huniuliza lilikuwaje. Nitasema ukweli: nilikasirika. Miaka yote hiyo nilikuwa siijui bidhaa yangu. Ningejua, ningepandisha bei.

Mizani ikaanza kupanda, na safari hii daktari akafurahia kupanda. Nikaona sasa tunaelewana. Miezi mitatu ilipotimia kahawa ilikuwa imeiva nyekundu mashambani, na niliruhusiwa kwenda. Salome alinipa vidonge vyangu, akanipa na chupa kubwa ya kahawia yenye karatasi ya hospitali.

"Kila asubuhi koroga yai kwenye maziwa yaliyochemka, tia humu, unywe," akasema. "Nani atamuuliza mgonjwa kuhusu dawa yake?"

Na kweli hakuna aliyeuliza. Mwanangu mdogo, ambaye mama mkwe alimlea kwa maziwa ya ng'ombe wakati wote huo, alikuwa amenona hata akanikataa siku mbili. Ya tatu akanikubali. Petro alikuwa anakusanya mayai badala yangu, mimi nakaa barazani nayatia kwenye maji na kuyapanga. Kila asubuhi nilitoa moja, nikaingia jikoni, nikarudi na chupa. Mama mkwe alikuwa amekaa hapohapo anasuka mkeka wake, anatazama chupa, anatazama mkeka.

Sasa sikiliza. Wiki ya pili Mhindi alitaka kapu kamili, nami kila siku nalipunguza. Ile tabia yangu ya zamani ikaamka. Nikaiacha dawa ya chupa siku ya kwanza. Nikaiacha siku ya pili. Nikajiambia nitafidia baadaye, kama vile mwili ni mteja anayekubali kungoja. Petro hakujua. Mkono wangu ulijua. Kamba ya mgomba niliyoifunga fundo hospitalini kwa kipimo cha mkono wangu ilianza kulegea, au hofu ndiyo iliilegeza, sijui. Siku ya tatu nikarudi kunywa, huku naumia kwa ajili ya kapu.

Lakini jioni ile nilipohesabu, kapu lilikuwa halijapungua. Nikahesabu tena. Kamili. Kesho yake asubuhi nikatoa moja, nikanywa, jioni, kamili. Siku ya tatu hivyohivyo. Niliogopa. Nilisema ugonjwa sasa umehama moyoni umepanda kichwani, maana mtu kama mimi akianza kukosea hesabu ya mayai, kimebaki nini? Nikafikiria kurudi kwa daktari, nimwambie aandike na hilo kwenye daftari.

Siku ya nne nilijifanya nimesinzia barazani. Saa kumi mama mkwe akaweka mkeka wake chini, akatoka. Alipita migombani kuelekea nyumba ya jirani, chini ya kanga amebeba mkeka mdogo aliousuka. Akarudi bila mkeka. Akatazama huku na huku, akainama kwenye kapu langu, akaweka yai polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Mama," nikasema.

Hakushtuka hata kidogo. Aliketi, akavuta ukindu wake.

"Umelitia kwenye maji?" nikamuuliza.

"Nimelitia. Limelala."

Tukakaa. Kuku wanaparua kwenye kahawa iliyoanikwa, hakuna aliyewafukuza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Dawa gani ile inayotoka jikoni na maganda?" Akachomoa ukindu mmoja, akautupa. "Nakujua wewe. Ukiona kapu linapungua, utaacha kunywa ili ulijaze. Siku mbili uliacha. Unafikiri anayehesabu hapa ni wewe peke yako?"

Nikaligeuza lile yai lake likae sawa kapuni.

"Lakini ulisema nyumbani kwako hapana."

"Nilisema mbele ya watu. Mimi nimeona chupa. Yai sijaliona." Kisha vidole vyake vikasimama. "Nilikuwa nawaonyesha wageni miguu yako," akasema. "Halafu nikakupita pale kitandani. Nilikuangalia usoni, mwanangu, nikakupita."

Nilitaka kumwambia hata mimi nisingejijua. Nikasema tu, "Ulirudi, Mama." Akaokota ukindu wake, tukaendelea na kazi.

Ndiyo hayo. Wewe uliyevimba, usisubiri kusifiwa. Bonyeza mguu, shimo likibaki, nenda. Chumvi acha, dawa ya moyo usiiruke hata ukijiona mzima, na siku ya kurudi kupimwa rudi, benchi la barazani halijaua mtu. Maji yakishatoka usidhani umemaliza. Hapo ndipo uutazame mkono. Ukiwa na mama mkwe, mwombe akuhesabie.

Masika mengi yamepita tangu hapo. Mlima wangu siku hizi naupanda nikisimama mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu pale katikati kuna nyumba yenye mayai. Mwaka jana mama mkwe alianza kulalamika magoti, akawa anainuka kwa kushika ukuta, kama mimi zamani. Asubuhi moja nilipotoka jikoni na chupa, aliniita.

"Ile dawa yako," akasema, hatazami juu. "Magoti inasaidia?"

"Sijui, Mama. Ijaribu siku kumi."

"Usinifanyie soko," akasema, akaninyooshea kikombe.

Tangu siku hiyo kapu linapungua mayai mawili kila asubuhi. Nahesabu jioni, nahesabu tena. Yanapungua kweli, na hakuna anayeyarudisha.